MAJIRANI WA JUA

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa yamechapwa hapa ili wanafunzi wayasome polepole baada ya kuyasikia. Maneno mapya na maswali yako mwishoni.)

Natumaini mmekwisha kuketi, taa imewashwa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Ninyi mlio karibu na mlango, msiufunge, maana somo la leo liko nje, juu ya vichwa vyetu.

Leo nataka kuwaelezeni habari za nyota zilizo jirani na jua letu. Lakini kabla sijaanza, sina budi kuwaambieni kosa langu mwenyewe, kwa sababu somo hili limezaliwa na kosa hilo.

Usiku mmoja nilikwenda kutembelea darasa la kisomo katika kijiji fulani. Masomo yalipokwisha tukatoka nje. Mwezi haukuwapo, na nyota zilikuwa zimejaa mbingu nzima. Bibi mmoja, mzee kuliko wanafunzi wote wa darasa lile, akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Katika nyota zote hizi, ipi iliyo karibu nasi zaidi?"

Nikatazama juu. Nikaona nyota moja inayong'aa kupita zote, nikamwonyesha kwa kidole. Nikasema, "Ile pale, Bibi. Yang'aa sana kwa sababu iko karibu." Akanishukuru, tukaagana.

Nilipofika nyumbani moyo wangu haukutulia. Nikafungua vitabu, nikaona kwamba nimempa bibi yule habari ya uongo. Sikukusudia kumdanganya, ila nilijibu upesi jambo nisilolijua. Nyota ile huitwa Shira, na katika vitabu vya kigeni huitwa Sirius. Ni kweli kwamba inang'aa kuliko nyota nyingine zote za usiku. Lakini siyo iliyo karibu kuliko zote. Ziko nyingine zilizo karibu zaidi, na nyingi katika hizo hazionekani kwa macho kabisa.

Basi nilirudi kijijini kumwambia. Alivyonijibu nitawaambieni mwishoni. Kwanza tujifunze pamoja.

KARABAI NA KIBATARI

Fikirini mmesimama nje ya nyumba zenu usiku wa giza. Mbali, ng'ambo ya bonde, kuna duka lenye karabai. Mwanga wake mnauona vizuri. Hapa karibu, katika nyumba ya jirani, kuna kibatari kidogo, na dirisha limefungwa nusu. Mwanga wake hamwuoni, au mnauona kwa shida. Je, mtu akisema, "Lile duka ndilo jirani yangu wa karibu, kwa sababu taa yake inang'aa sana," mtamwambia nini? Mtacheka. Na mimi ndivyo nilivyomjibu bibi yule.

Nyota nazo ziko hivyo. Nyingine ni karabai na nyingine ni vibatari. Jicho letu likiona nyota inayong'aa haliwezi kujua kama ni taa kubwa iliyo mbali au taa ndogo iliyo karibu.

Nitawapeni mfano mmoja ambao mnaweza kuutazama wenyewe. Katika miezi ya Mei, Juni na Julai, mapema usiku, tazameni upande wa kusini. Mtaona nyota nne zilizopangika kama msalaba. Kando yake, upande wa mashariki, kuna nyota mbili zinazong'aa sana zilizo pamoja kama ndugu. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba huitwa Rijili Kantori, au Alpha Centauri. Nuru yake husafiri zaidi kidogo ya miaka minne mpaka ifike kwetu. Ile ya pili, inayoonekana kama pacha wake, huitwa Beta Centauri. Nuru yake husafiri karibu miaka 400. Kwa macho ni majirani wa mlango kwa mlango. Kwa kweli, mmoja ni jirani yetu na mwingine ni mgeni wa mbali sana, ila amebeba taa kubwa mno.

Na kilimia je? Kile kifungu cha nyota ndogo ambacho wakulima wetu tangu zamani wamekitazama ili wajue majira ya kulima, nuru yake husafiri zaidi ya miaka 400.

UMBALI WA NYOTA

Sasa mtaniuliza, "Mbona wasema nuru inasafiri miaka? Kwa nini husemi kilometa?"

Wazee wetu walipoulizwa safari fulani ina urefu gani, hawakutaja kilometa. Walisema, "Ni mwendo wa siku mbili," nasi tulifahamu kwamba maana yake ni mbali kadiri mtu awezavyo kwenda kwa miguu siku mbili. Wataalamu wa nyota hufanya vivyo hivyo, ila mpita njia wao ni nuru.

Nuru ina mbio kuliko kitu chochote. Kwa sekunde moja huenda kilometa 300,000. Kama ingeweza kuzunguka dunia, ingeizunguka mara saba na nusu kabla hamjamaliza kusema "moja". Kutoka juani mpaka kwetu ni kilometa milioni 150, na nuru huumaliza mwendo huo kwa dakika nane na sehemu ya tatu ya dakika. Mwendo ambao nuru huenda kwa mwaka mzima twauita mwaka wa nuru. Kumbukeni vizuri: mwaka wa nuru si kipimo cha wakati, ni kipimo cha umbali. Ni kilometa milioni milioni tisa na nusu hivi.

Tarakimu kama hizi ni kubwa mno kwa akili ya mtu. Basi tutumie chungwa. Tufanye jua ni chungwa lenye upana wa sentimeta saba, tumeliweka juu ya meza mjini Nairobi. Dunia yetu itakuwa chembe ya mchanga, hatua nane hivi kutoka mezani. Je, nyota ya karibu kuliko zote itakuwa wapi? Katika chumba cha pili? Mwisho wa mji? La. Itakuwa kiasi cha kilometa 2,000, kama kutoka Nairobi mpaka Khartoum, na ukubwa wake hautapita punje moja ya maharage. Katikati ya chungwa na maharage hayo hakuna nyota nyingine iliyopata kuonekana. Huo ndio ujirani wa mbinguni.

KIDOLE NA MACHO MAWILI

Watu walijuaje umbali huo, na hakuna aliyekwenda kupima kwa kamba?

Haya, kila mmoja ainue kidole gumba mbele ya uso wake, mkono umenyooka. Fumba jicho la kushoto, utazame kidole. Sasa fumbua la kushoto, ufumbe la kulia. Mmeona? Kidole kimeruka mbele ya ukuta. Sasa kileteni karibu na pua, mfanye tena. Kimeruka zaidi. Basi kanuni ndiyo hiyo: kitu kilicho karibu huruka sana, kilicho mbali huruka kidogo.

Macho yetu yako karibu mno kupima nyota. Lakini dunia huzunguka jua. Ukitazama nyota mwezi Januari, kisha ukaitazama tena mwezi Julai, umekuwa na macho mawili yaliyoachana kwa kilometa milioni 300. Nyota iliyo karibu itaonekana imesogea kidogo sana mbele ya zile zilizo mbali. Hata ile ya karibu kuliko zote husogea kadiri ya upana wa sarafu ya sentimeta mbili, ikitazamwa kutoka zaidi ya kilometa mbili na nusu. Kwa hiyo kazi hii iliwashinda watu karne nyingi.

Mwaka 1832 na 1833 Thomas Henderson, mtaalamu kutoka Scotland, aliipima Rijili Kantori akiwa Rasi ya Tumaini Jema, hapa hapa Afrika, upande wa kusini kabisa. Hesabu zilikuwa mkononi mwake, lakini akakawia kuzitangaza. Mwaka 1838 Mjerumani Friedrich Bessel alitangaza umbali wa nyota nyingine, akawa wa kwanza. Henderson alitangaza yake mwaka 1839.

KUHESABU KAYA

Sasa tufanye kama karani wa sensa. Tuchore duara kuzunguka jua letu, lenye urefu wa miaka ya nuru 10 kila upande, tuhesabu nani anakaa humo. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni:

1. Rijili Kantori, nyota mbili, pamoja na Proxima Centauri, ndugu yao wa tatu. Miaka ya nuru 4.2 mpaka 4.4.
2. Nyota ya Barnard. Miaka 6.0.
3. Luhman 16, viwili. Miaka 6.5.
4. WISE 0855. Miaka 7.4.
5. Wolf 359. Miaka 7.9.
6. Lalande 21185. Miaka 8.3.
7. Shira, pamoja na mwenzake mdogo. Miaka 8.6.
8. Luyten 726-8, mbili. Miaka 8.7.
9. Ross 154. Miaka 9.7.

Haya, hesabuni. Kaya ni 9, wakazi ni 14. Je, mtu mwenye macho mazuri, usiku wa giza safi, ataona kaya ngapi? Ataona mbili tu: Rijili Kantori na Shira. Kaya saba nyingine hatazijua kamwe mpaka atumie chombo. Tena hata Proxima, iliyo karibu kuliko zote, haonekani kwa macho. Nyota zote mnazoziona usiku, isipokuwa hizo mbili, ziko nje ya duara hili.

VIBETE VYEKUNDU

Kwa nini hawaonekani? Wengi wao ni nyota ndogo ambazo wataalamu huziita vibete vyekundu. Proxima, Barnard, Wolf, Lalande, Luyten na Ross, wote ni wa ukoo huo. Kibete chekundu ni kibatari cha mbinguni. Mwanga wake ni hafifu na wa wekundu, lakini mafuta yake hukaa muda mrefu. Jua letu lina umri wa miaka kama milioni 4,600, nalo limefika karibu nusu ya maisha yake. Kibete chekundu kitaendelea kuwaka muda mrefu mno baada ya jua kuzimika. Shira, kwa upande mwingine, ni karabai: hutoa mwanga mara 25 ya jua, na mafuta yake yatakwisha mapema. Mwenzake mdogo amekwisha kuzimika tayari, amebaki jivu la moto ambalo twaliita kibete cheupe. Ukubwa wake ni kama wa dunia yetu, lakini uzito wake ni karibu sawa na wa jua.

Msidhani vibete vyekundu ni vichache. Katika kila nyota nne za ujirani wetu, tatu hivi ni za aina hiyo. Wengi wa wakazi wa mbinguni ni wadogo wasioonekana.

Proxima ilivumbuliwa mwaka 1915 mjini Johannesburg na Robert Innes. Bwana huyu aliwahi kuwa mfanyabiashara wa mvinyo huko Sydney, Australia, na elimu ya nyota alijifundisha mwenyewe. Alichukua picha mbili za mbingu zilizopigwa kwa miaka mitano kati yake, akazilinganisha alama kwa alama. Nukta moja ndogo ilikuwa imehama. Ndiyo hiyo. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Proxima ina sayari, yenye uzito unaokaribia ule wa dunia yetu, inayoizunguka kwa siku 11 na kidogo tu.

Nayo nyota ya Barnard ilitambuliwa mwaka 1916 na E. E. Barnard wa Marekani. Hakuna nyota inayohama upesi mbinguni kama hiyo. Hata hivyo, kuhama kadiri ya upana wa mwezi mpevu huichukua yapata miaka 180.

JIWE LA FIGA

Sasa twafika kwenye wakazi wa ajabu zaidi, Luhman 16 na WISE 0855. Hawa hata vibatari si vibatari.

Nyota huzaliwa namna hii. Wingu kubwa la gesi, hasa gesi ya hidrojeni, hujikusanya kwa uzito wake lenyewe. Likijibana hupata joto. Wenye baiskeli mnajua: ukijaza upepo, pampu hupata moto mkononi kwa sababu hewa inabanwa. Wingu likiwa kubwa vya kutosha, joto la katikati huzidi mpaka hidrojeni ikaanza kugeuka kuwa gesi nyingine iitwayo heli, na kazi hiyo hutoa moto wa kudumu. Hapo nyota imewaka.

Lakini wingu likiwa dogo, joto halifiki kiasi hicho. Kuna mpaka. Jua letu lina uzito wa sayari Mshtarii kama 1,000. Ili nyota iwake, sharti iwe na uzito wa Mshtarii 75 mpaka 80 hivi. Ikipungua hapo, hukusanyika, hupata joto, lakini moto wa kudumu hauwaki. Kisha hupoa polepole kwa mamilioni na mamilioni ya miaka. Kitu hiki ni kikubwa mno kuitwa sayari, nacho kimeshindwa kuwa nyota. Twakiita kibete cha kahawia. Hilo ni jina tu, maana rangi yake si kahawia hasa.

Akina mama mtanielewa upesi. Chukueni jiwe la figa ambalo limekaa motoni jioni nzima. Uondoe, uliweke pembeni gizani. Jiwe halina mwali. Ukilitafuta kwa macho huwezi kuliona. Lakini ukipeleka mkono karibu, utasikia joto. Kibete cha kahawia ni figa hilo. Hatafutwi kwa macho, hutafutwa kwa chombo kinachosikia joto.

Vibete hivi vilijulikana kwa hesabu kabla havijaonekana. Mwaka 1963 Shiv Kumar, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba lazima viwepo. Mwaka 1975 Jill Tarter wa Marekani akavipa jina. Watu wakatafuta, wakatafuta, na mwaka 1995 ndipo vya kwanza vikathibitishwa. Kimoja cha hivyo kilikuwa karibu na nyota Gliese 229, miaka ya nuru 19 kutoka hapa. Kisha mwaka 2024 ikaonekana kwamba kile kilichohesabiwa kimoja ni viwili vinavyozungukana. Miaka 29 karani aliandika mtu mmoja, kumbe ni pacha!

JIRANI ALIYECHELEWA KUJULIKANA

Mwezi Desemba 2009 Wamarekani walirusha darubini iitwayo WISE, iliyozunguka dunia huku ikipiga picha za joto la mbinguni. Kevin Luhman wa Pennsylvania alizitazama picha hizo, akaona nukta moja inayohama upesi. Akapima. Mwaka 2013 akatangaza: miaka ya nuru sita na nusu kutoka hapa kuna vibete viwili vya kahawia vinavyozungukana. Ni kaya ya tatu kwa ukaribu. Tangu mwaka 1916 hakukuwa kumepatikana kaya iliyo karibu namna ile.

Na tazameni jambo hili. Luhman alipozitafuta picha za zamani, zilizopigwa miaka mingi kabla, alikikuta kitu kile kimo. Kilikuwa mle wakati wote. Watu walizipitia picha zile wasikitambue.

Mwaka uliofuata, 2014, Luhman huyo huyo akatangaza WISE 0855. Huyu ni baridi kuliko vibete vyote vya kahawia vilivyopata kujulikana. Joto lake halifiki hata la mwili wa mtu. Liko karibu na lile la maji yanayoganda. Ni mwepesi sana pia, kiasi kwamba wataalamu wengine hawataki kumwita kibete, husema ni sayari iliyopotea bila jua lake. Figa lililopoa kabisa, miaka ya nuru saba kutoka mlangoni petu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo hili lawahusu ninyi. Picha za WISE zilikuwa nyingi mno kwa wataalamu peke yao. Basi mwezi Februari 2017 wakawaomba watu wa kawaida wasaidie. Mpango huo uliitwa Backyard Worlds. Kila aliyetaka aliweza kutazama picha za sehemu moja ya mbingu zilizopigwa miaka mbalimbali, moja baada ya nyingine, atafute nukta inayohama. Ni kazi ile ile aliyoifanya Innes mwaka 1915. Siku sita tu baada ya mpango kuanza, mwalimu mmoja wa sayansi wa kisiwa cha Tasmania, huko Australia, aliona nukta kama hiyo, ikathibitishwa kuwa kibete cha kahawia. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba vibete 95 vipya vimepatikana kwa msaada wa watu hawa. Hawakuwa na darubini zao. Walikuwa na macho, na subira, na walijua kusoma.

Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2024, ya miaka ya nuru 65 kuzunguka jua, kwa kila nyota nne kuna kibete cha kahawia kimoja hivi. Nao kazi ya kutafuta haijakwisha.

ALIVYOJIBU BIBI

Majuma mawili baada ya kosa langu nilirudi katika kijiji kile. Ninakiri kwamba njiani niliona haya. Nilijiambia, nani atajua? Bibi yule hatafungua kitabu cha nyota. Lakini nikaona kwamba hilo ndilo jambo baya zaidi. Mtu aliyekuja darasani uzeeni kutafuta kweli, nami nimpe uongo kwa kuwa hawezi kunikagua! Basi mbele ya darasa lote nikasema, "Bibi, niliyokuambia siyo. Nilijibu bila kujua." Kisha nikamweleza haya niliyowaelezeni ninyi, ya karabai na kibatari na jiwe la figa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akasema, "Basi hata wewe, mwanangu, bado uko darasani pamoja nasi." Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Halafu akaniuliza swali jingine: "Na hao wasioonekana, mmekwisha kuwahesabu wote?"

Safari hii sikujibu upesi. Nikafikiri, nikasema, "Bado, Bibi."

Ndugu zangu, wako kati yenu wanaosema, "Nimechelewa. Wenzangu walisoma wakiwa watoto." Jirani wa miaka ya nuru sita na nusu alijulikana mwaka 2013, baada ya watu kutazama mbingu maelfu ya miaka. Waliomwona hawakuambiwa kwamba wamechelewa. Waliandika jina lake katika daftari, wakaendelea kutafuta. Nanyi fanyeni hivyo. Na mtu akiwaulizeni jambo msilolijua, msione haya kusema, "Sijui, nitatafuta."

Sasa zimeni taa, mtoke nje dakika tano. Wanaoijua Shira wawaonyeshe wenzao, kama iko juu. Kisha kila mmoja atazame pale penye giza kati ya nyota na nyota, akumbuke kwamba giza si ushahidi kwamba hakuna mtu.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA

Mwaka wa nuru: umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.
Kibete chekundu: nyota ndogo yenye mwanga hafifu inayowaka muda mrefu.
Kibete cheupe: masalio ya nyota iliyomaliza mafuta yake.
Kibete cha kahawia: kitu kikubwa kuliko sayari, lakini hakikuweza kuwaka kama nyota.
Darubini: chombo cha kutazamia vitu vya mbali.

MASWALI

1. Kwa nini nyota inayong'aa sana huenda isiwe ya karibu?
2. Mwaka wa nuru ni kipimo cha wakati au cha umbali? Eleza kwa mfano wa safari ya miguu.
3. Katika kaya 9 zilizo ndani ya miaka ya nuru 10, ngapi zinaonekana kwa macho? Zitaje.
4. Mweleze mtu wa nyumbani kwako habari ya kibete cha kahawia kwa mfano wa jiwe la figa. Kisha andika sentensi tatu juu ya jambo hilo.
5. Innes wa mwaka 1915 na mwalimu wa Tasmania wa mwaka 2017 walifanya kazi moja. Ilikuwa kazi gani?
6. Jadilianeni darasani: je, mwalimu akikosea, yafaa aseme mbele ya wanafunzi?